Riwaya ya barua kati ya maadui wawili, mbona imenishika hivi?

Mpenzi_wa_Kurasa

Wakuu habari za muda huu. Hii naileta kwa wale wanaosoma riwaya kweli kweli, hasa hadithi za kisayansi. Nimemaliza This Is How You Lose the Time War ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone, ile iliyotoka 2019, na tangu niifunge kila kitabu ninachofungua nakiona chapwa, nasoma ukurasa mmoja nakiweka pembeni.

Kwa ambao hamjaisoma, ni kitabu kifupi tu, kurasa kama 200. Kuna vita vinapiganwa ndani ya muda wenyewe, yaani kila upande unatuma watu wake kwenye zama tofauti wakabadilishe kitu kidogo huku, matokeo yake yaje kuonekana mbele kabisa. Red yuko upande unaoitwa Agency, watu wa mashine na teknolojia. Blue yuko upande wa Garden, kule kila kitu kinaoteshwa, hata watu wenyewe. Wote wawili ni wanawake na katika kazi hiyo wote ni moto wa kuotea mbali. Siku moja Red ameshinda pambano, amesimama peke yake katikati ya maiti, anaona karatasi safi kabisa imeandikwa ichomwe kabla ya kusomwa. Imetoka kwa adui yake. Anaichoma, anaisoma. Basi kuanzia hapo ni barua kwenda barua kurudi, na wakubwa zao wakijua tu wote wawili wamekwisha. Mwisho siusemi nisije nikamaliza uhondo.

Sasa maswali yangu. Mimi hadithi za maadui wanaogeuka wapenzi huwa zinanishinda mapema, maana nyingi unamwona kabisa mwandishi anavyowasukuma, leo wanatukanana, kesho wamekwama chumba kimoja na mvua inanyesha, keshokutwa wameshikana mikono. Hii haikunifanya hivyo hata kidogo, kuna barua nilizirudia mpaka nikawa nazijua kwa kichwa. Je ni barua ndo zimefanya hiyo kazi au kuna kitu kingine? La pili, rafiki yangu nilimwazima akanirudishia, anasema wamependana haraka mno halafu vita vyenyewe havieleweki vinapiganiwa nini. Nataka jibu la kumpa. La tatu, kama mnajua nyingine za namna hii nitajieni, hata kama hazina habari za anga wala mashine.

Kalamu_Nyembamba

Karibu chamani ndugu yangu. Jibu lako liko kwenye ile barua ya kwanza kabisa, irudie utaona. Ile si barua ya mapenzi hata chembe, ile ni tambo. Blue anamwambia mwenzake nimekuona, ulichofanya nimekiona, ulidhani umeshinda kumbe mimi nilishapita hapa kabla yako. Ni uchokozi mtupu. Lakini jiulize, ni nani mwingine angeweza kuandika barua ile? Wakubwa wa Red wanataka matokeo basi, kazi ikiisha apewe nyingine, hawana habari aliifanyaje. Mtu pekee anayekaa kuichunguza kazi yake hatua kwa hatua, hapa alinyata, hapa alisubiri, hapa alinizidi akili, ni yule anayetaka kumwangusha. Asipomchunguza anakufa yeye.

Ndo maana nasema mapenzi yao hayaanzi na sura wala sauti, yanaanza na heshima ya fundi kwa fundi. Red hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kazi yako nzuri, anakuja kuambiwa na adui, tena kwa dharau kidogo, halafu anatamani kuambiwa tena.

Na barua inafanya kitu ambacho mazungumzo hayawezi. Hakuna kukatishana. Hakuna kuona uso wa mwenzio ukakunja maneno yako katikati. Unamaliza hoja yako yote, unaondoka, yeye anabaki nayo peke yake, anaitafuna, anakasirika, anacheka, halafu ndo anaamua wewe ni nani kwake. Sisi tumezoea chati, unatuma unaona tiki mbili, unaona mtu anaandika, anafuta, anaandika tena. Red na Blue hawana kitu hicho, mtu anaiacha barua kwenye zama fulani na kuondoka bila kujua kama itasomwa na mlengwa au itaokotwa na wale wanaomfuatilia.

Halafu kumbuka kila barua inaweza kuwa mtego. Red analijua hilo tangu siku ya kwanza, na akili yake yote imefundishwa kulijua. Kuna barua mpaka za kuliwa mle ndani. Sasa mtu ambaye ameapa kukumaliza anakutumia kitu cha kuweka mdomoni, na wewe unakiweka. Kabla hata neno la mapenzi halijaandikwa tayari umeshaona watu wawili wanakabidhiana roho zao mara kwa mara, kwa hiyo likija kuandikwa unalikubali bila ubishi.

Jiwe_la_Pembeni

Kwa heshima zote mimi niko na huyo rafiki wa mleta uzi. Nilikimaliza kwa kujilazimisha. Lugha imepambwa kupita kiasi, kila sentensi inataka usimame uipigie makofi, na kuna kurasa nilikuwa sijui tena ni Red anaandika au Blue mpaka nirudi kutafuta jina. Watu wawili wametoka kwenye dunia mbili ambazo hazifanani kwa lolote, mmoja kaunganishwa na mashine mwingine kaoteshwa kama mche, halafu wanaandika kwa sauti moja?

Na vita ndo usiseme. Mimi ninapoingia kwenye hadithi ya kusafiri ndani ya muda nataka sheria zake. Mtu akirudi nyuma akabadilisha kitu, yeye mwenyewe anabaki vipi? Kumbukumbu zake zinabaki za dunia ipi? Humu unaambiwa kuna nyuzi nyingi za muda, zinasukwa na kufumuliwa, watu wanapanda na kushuka kwenye huo uzi, imeisha. Agency wakishinda nini kitapotea? Garden wakishinda je? Nisipojua kinachoweza kupotea siwezi kuogopa, na nisipoogopa hilo penzi la hatari nalisoma kama kadi ya salamu tu.

Nyuzi_za_Kale

@Jiwe_la_Pembeni hoja zako nzito, ngoja nijaribu moja moja ila siahidi kuzimaliza.

Hili la haraka kwanza, maana ndo analolitaka mleta uzi. Kuna ile barua ya mti. Red yuko na jeshi, miti inakatwa, mti mmoja unaangushwa na kwenye pete zake, zile duara unazoziona kwenye gogo lililokatwa, kuna maandishi. Pete nyingine nene, nyingine nyembamba, na hakuna anayeweza kuzisoma pale isipokuwa Red. Barua inaanzia katikati ya gogo inakwenda nje. Ili pete itoke nene lazima mwaka ule mti uwe umeshiba, itoke nyembamba lazima uwe umenyimwa. Kwa hiyo Blue amekaa na mti ule, anaulisha na kuunyima, mwaka hadi mwaka, na kati ya mstari mmoja na mwingine inapita miaka kumi. Wewe msomaji umeisoma kwa dakika mbili. Aliyeandika ametumia muda ambao mtu wa kawaida anazaliwa, anazeeka na kufa. Huyo rafiki mwambie ahesabu haraka ile kwa saa ya nani, kwa kurasa kweli ni chache ila kwa hao wawili ni karne.

Halafu ameuandikia uzuri wote ule mti akijua utakatwa, utasomwa mara moja, basi, hautabaki. Hawa hawawezi kutunza barua, ikikutwa ni kifo. Kila kitu kinachomwa, kinachemshwa, kinamezwa. Kuna nyingine Blue anaikuta kwenye chupa ya maji ndani ya hospitali tupu, imeandikwa isomwe maji yakitokota. Ukishajua unaisoma mara moja tu utaisoma vipi? Mwili mzima utasoma. Sisi siku hizi meseji tunazipitia kwa jicho moja kwa sababu tunajua zipo tu, tutazirudia. Mimi hicho ndo kilinishika kuliko kitu kingine chochote kwenye kitabu kile, usomaji wao. Wanavyoandika ni sawa, lakini wanavyosomana!

Suala la sauti sasa. Waliandika watu wawili kweli, Gladstone alikuwa na Red, El-Mohtar akawa na Blue. Walikuwa na mpango wa jumla wa hadithi lakini barua ya mwenzake ikimfikia mtu alikuwa anakutana nayo kwa mshangao halisi, na ule mshangao ndo akautumia kuandika jinsi mhusika wake anavyoipokea. Ukirudia barua za mwanzo utaona Red anaandika kama mtu anayetoa ripoti huku anajigamba, Blue ndo mwenye madoido. Blue anamtajia kitabu cha adabu za kuandika barua na Red anakitafuta anakisoma, anaanza kuzifuata taratibu zake, anachezea na ile nyongeza ya chini baada ya sahihi. Kufika katikati ya kitabu wameambukizana. Ukiandikiana na mtu kwa muda mrefu unaanza kuazima maneno yake, hata mizaha yake inakuwa yako. Kwa hiyo ule mfanano unaoulalamikia mimi nauona ndo penzi lenyewe linavyokua, liko kwenye sentensi.

Kuhusu sheria za muda sina la kukutetea nalo, ni kweli hazipo. Mimi hazikunisumbua maana wale wawili ni askari wa mstari wa mbele, na askari wa mstari wa mbele mara nyingi anaambiwa nenda kamuue yule, chomeka kile, haambiwi ramani nzima.

Mpenzi_wa_Kurasa

Dah, hiyo ya mti niliisoma lakini sikuifikiria kwa upande wa muda aliotumia Blue, leo narudi pale pale.

Kuna kingine nataka kuongezea kwenye hili la kusomana. Mmeona zile barua za kula na njaa? Watu wa Red wamefika mahali hawahitaji kula, mwili unajiendesha. Blue anapenda kula, na anajaribu kumweleza Red njaa ni nini, kutamani kitu ni nini. Yaani unamweleza mtu kitu ambacho mwili wake haujawahi kukijua, na unatumia maneno matupu kwa sababu hamjawahi kukaa meza moja. Hapo nilisimama kabisa nikaacha kusoma kidogo. Nimesoma riwaya za mapenzi zina kurasa na kurasa za watu wanavuana nguo, hakuna hata moja iliyonipata kama mtu mmoja anamfundisha mwenzake njaa kwa barua.

Na majina! Wanaanza kwa kuitana Red na Blue kikavu, halafu kila barua jina linabadilika, wanatafuta kila kitu chekundu na kila kitu cha bluu duniani, mawe, ndege, anga, mpaka Red akamwandikia 0000FF. Waliowahi kutengeneza tovuti watanielewa, ile ndo namba ya siri, yaani msimbo, wa rangi ya bluu kwenye kompyuta. Mtu wa mashine anamwita mpenzi wake kwa lugha ya mashine. Nilifurahi mno pale.

Jiwe_la_Pembeni

@Nyuzi_za_Kale hiyo ya kuambukizana sentensi nimeipokea, nitairudia kitabu nikiwa na jicho hilo. Ila ya askari wa mstari wa mbele hapana. Askari haambiwi ramani, sawa, lakini mwandishi anaijua, na akiijua mimi nitaihisi hata kama hajaiandika. Humu sikuihisi. Nilihisi vita vimewekwa ili barua zipate sababu ya kuwa siri.

Kalamu_Nyembamba

@Jiwe_la_Pembeni sasa hata kama ni hivyo ubaya uko wapi? Kuna riwaya mapenzi yamewekwa ili vita vipate mtu wa kulia, na hatuzilalamikii. Halafu angalia anavyowaonyesha wale wakubwa. Agency na Garden wanavyosimuliwa ni kama hawafanani, chuma na mizizi, lakini barua zinavyoendelea unaona wanavyowatumia watu wao ni vile vile. Red na Blue wanaligundua hilo kwa kulinganisha tu maisha yao kwenye karatasi, wewe ulikuzwaje, mimi nilikuzwaje, ulishawahi kuwa peke yako. Hakuna hotuba ya kupinga vita hata moja. Mimi hilo lilinitosha kujua vita vinapiganiwa nini, yaani hakuna cha maana.

Bibi_wa_Maktaba

Wanangu mmenifurahisha, nimesoma mpaka chini. Mwanangu mleta uzi uliomba vitabu, mimi nitajibu hilo kwa sababu haya mengine wenzangu wameyamaliza.

Kwanza ujue kitabu chako kilipata Hugo na Nebula, zile tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, zote kwa upande wa riwaya fupi, halafu mwezi Mei 2023 shabiki mmoja wa katuni za Kijapani akaandika ujumbe mfupi mtandaoni akiwahimiza watu wakisome bila kuuliza kinahusu nini, kikapanda juu kwenye mauzo ya Amazon karibu miaka minne baada ya kutoka. Kwa hiyo haijakushika peke yako.

Ukitaka maadui na barua, rudi nyuma kabisa, 1782, Les Liaisons dangereuses ya Choderlos de Laclos wa Ufaransa. Barua 175 na hakuna msimulizi, unaachiwa barua tu. Merteuil na Valmont walikuwa wapenzi zamani, sasa ni washirika wa kuharibu maisha ya watu, na wanaandikiana kwa akili kali kweli, wanasifiana kazi zao chafu kama alivyosema Kalamu hapo juu, fundi kwa fundi. Lakini hii inakwenda kinyume na yako, hawa wanatoka kwenye urafiki wanaingia kwenye uadui. Kuna barua Valmont anamtaka Merteuil achague moja, na yeye anamjibu chini ya karatasi ile ile kwa maneno machache sana kwamba basi, ni vita. Mwanangu nilipofika pale nilikaa wima. Wote wawili kila barua waliyoandika tangu mwanzo sasa imekuwa silaha mkononi mwa mwenzake. Ndo hatari ya barua, ukimwandikia mtu umempa ushahidi.

Kuna na filamu, The Shop Around the Corner ya 1940, watu wawili wanafanya kazi duka moja, mchana hawapatani hata kidogo, na kumbe wanaandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Ndo iliyorudiwa 1998 ikawa You've Got Mail, barua zikawa za kompyuta. Tamu sana, ila uone tofauti, pale uadui unakufa kwa sababu hawajui ni nani anaandika. Red na Blue wanajua tangu mstari wa kwanza. Kupenda mtu usiyejua kuwa ni adui ni rahisi.

Na kama unataka uone barua inavyoweza kubeba maisha ya mtu bila adui wala mashine, soma Une si longue lettre ya Mariama Bâ wa Senegali, 1979, Ramatoulaye amefiwa na mume anamwandikia rafiki yake Aissatou, kitabu kizima ni hiyo barua. Haihusiani na vita vya muda lakini wewe umesema umeguswa na mtu kusoma mtu.

La mwisho, kwenye kitabu chako Blue anampendekezea Red riwaya ya kusoma, Travel Light ya Naomi Mitchison. Ile ni riwaya ya kweli, ilitoka 1952, ipo. Ukiisoma utakuwa umesoma alichosoma Red.

Masikio_Mawili

Nachomekea tu, kwa wale waliolalamikia sauti kufanana kuna toleo la kusikiliza, wasomaji ni wawili, Cynthia Farrell na Emily Woo Zeller, kila mmoja na mhusika wake, kwa hiyo hupotei nani anaandika. Ila msianze nalo kama hamjasoma, lugha ni nzito, ukiwa unafanya kazi nyingine sentensi zinakupita. Mimi nilisoma kwanza halafu nikasikiliza, na kuna barua za mwishoni ambazo kwa macho nilizipita, kwa masikio zilinikalisha chini.

Halafu jamani hamjamtaja yule anayewafuata nyuma. Kila barua ikishasomwa na kuharibiwa anakuja mtu anakusanya mabaki. Ile ya kwanza iliyochomwa, anakusanya majivu anayala. Mara ya kwanza niliogopa, nikasema huyu ndo atakayewauza. Sisemi zaidi.

Jiwe_la_Pembeni

Yule ndo kitu pekee kilichonivusha mpaka mwisho, lazima nikiri kiliandikwa vizuri. Pale nilikuwa naogopa kweli.

@Bibi_wa_Maktaba shikamoo. Hiyo ya Laclos ina tafsiri ya Kiingereza inayosomeka? Hiyo habari ya barua kugeuka silaha ndo aina yangu.

Bibi_wa_Maktaba

Marahaba mwanangu. Tafsiri ziko kadhaa, tafuta iliyofanywa karibuni, za zamani sana zilipunguza makali. Na barua za yule binti mdogo, Cécile, za mwanzoni usiziruke hata kama zinakuchosha. Anaandika kama mtoto kwa sababu ni mtoto kweli, katoka kwenye nyumba ya watawa juzi tu, na ukifika barua zake za mbele utaona walichomfanyia kwa jinsi uandishi wake unavyobadilika.

Mpenzi_wa_Kurasa

Asanteni sana wote. Naanza na Travel Light halafu nahamia kwa Laclos. Yule rafiki yangu nimeshamtumia hiyo ya mti, kanijibu kitu kimoja tu, kwamba nimrudishie kitabu Jumamosi.